SIRI YA KOO LA MWIMBAJI WA ROKI

Na Mwandishi Wetu

NDUGU msomaji, tuanze na siku moja ya baridi kali mjini London, tarehe 11 Februari, 1963. Vijana wanne kutoka Liverpool, ambao wakati huo walikuwa hawajavuma nje ya Uingereza, waliingia katika studio ya kampuni ya EMI asubuhi, wakatakiwa wakamilishe kwa siku hiyo moja sehemu kubwa ya santuri yao ndefu ya kwanza. Walipiga na kuimba mchana kutwa. Usiku ulipoingia walikuwa wamechoka, na mmoja wao, John Lennon, alikuwa na mafua tangu asubuhi. Alikuwa akimumunya peremende za koo saa baada ya saa, na sauti ilikuwa imempwelea. Ukabaki wimbo mmoja tu, nao ni wimbo wa kupigiwa ukelele tangu neno la kwanza hadi la mwisho: "Twist and Shout".

Mtayarishaji wao, George Martin, alikuwa ameuacha wimbo huo mpaka mwisho kwa makusudi. Alijua kwamba koo likishauimba halitaimba kingine siku hiyo. Lennon akanywa maziwa, akasimama mbele ya kipaza sauti, wakaupiga mara moja. Wakajaribu mara ya pili, koo likagoma. Ile ya kwanza ndiyo iliyotiwa katika santuri, na ndiyo inayosikika hadi leo. Baadaye Lennon alisimulia kwamba kwa muda mrefu baada ya usiku ule, kila alipomeza mate alihisi kana kwamba anameza msasa.

Mwalimu yeyote wa kwaya akiusikiliza wimbo huo atakwambia bila kusita kwamba sauti ile ni mbovu. Imepasuka, inakwaruza, na mahali pengine inakaribia kukatika kabisa. Wala mwalimu huyo hatakuwa amekosea. Lakini imekwisha pita zaidi ya miaka 60, na watu bado wanainuka vitini wanapoisikia. Waimbaji wengi wenye sauti safi wa mwaka ule wa 1963 hawakumbukwi hata majina. Kwa nini?

Swali hili si la wapenzi wa roki peke yao. Katika nyumba nyingi za mjini muziki huu husikika kutoka chumba cha watoto, na neno la kwanza la mzazi huwa ni "Hebu punguzeni makelele!" Mimi mwenyewe nimelitamka neno hilo mara nyingi, na nikadhani kwamba anayeimba vile hana analolijua zaidi ya kupayuka. Nilipoanza kuchunguza jinsi sauti zile zinavyotengenezwa ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikimhukumu mtu bila ya kumsikiliza.

NYUZI MBILI NDOGO

Sauti ya binadamu hutoka mahali padogo sana. Weka kidole juu ya kidundu cha koo, kisha useme "aaa". Mtikisiko utakaouhisi unatoka katika nyuzi mbili za sauti, yaani vipande viwili vya nyama laini vilivyolala mkabala ndani ya zoloto. Hata kwa mwanamume mwenye kifua kipana urefu wake haufiki sentimita 3. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni huzisukuma nyuzi hizo zikaachana, zikarudiana, zikaachana tena, kiasi cha mara 100 na ushei kwa sekunde mwanamume anapozungumza, na kiasi cha mara 200 mwanamke anapozungumza. Noti ile ambayo wapiga vyombo huitumia kulinganishia ala zao huzitaka nyuzi zigongane mara 440 kwa sekunde moja. Mtu akiishikilia noti hiyo kwa dakika 3, nyuzi zake zitakuwa zimegongana mara 79,200. Hebu piga makofi mara 79,200 uone viganja vyako vitakavyokuwa.

Juu ya nyuzi hizo kuna mikunjo mingine miwili ya nyama, ambayo waganga huiita nyuzi za uongo. Katika mazungumzo ya kawaida mikunjo hiyo haitoi sauti. Kazi yake ni kusaidia kulinda njia ya pumzi. Lakini mwimbaji akiibana sehemu hiyo ya juu kwa namna fulani, mikunjo nayo huanza kutikisika, tena kwa mwendo wa polepole kuliko ule wa nyuzi halisi. Sikio likapokea vitu viwili vilivyosukwa pamoja: noti yenyewe, na mngurumo chini ya noti. Huo ndio mkwaruzo ambao mzazi huuita makelele.

Hapo pana jambo kubwa, msomaji, na ndilo linalomtenga fundi na mpayukaji. Fundi hukwaruzia juu, na nyuzi halisi chini yake zikaendelea kuimba kwa salama. Asiyejua huzikwaruza nyuzi zenyewe. Kwa msikilizaji wote wawili wanaweza kufanana kwa wimbo mmoja au miwili. Baada ya mwezi mmoja wa kuimba kila usiku, mmoja bado anaimba na mwingine anaandika maneno yake kwenye karatasi.

Lennon usiku ule wa Februari alifanya la pili, na aliweza kulifanya mara moja tu.

KIPAZA SAUTI KIPO, KWA NINI APIGE UKELELE?

Mwimbaji wa opera husimama mbele ya wapiga vyombo makumi kadhaa bila ya kipaza sauti, na mtu aliyekaa kiti cha mwisho juu kabisa anatakiwa amsikie. Kwa ajili hiyo hufunzwa kwa miaka mingi namna ya kuifanya sauti yake ing'are katika eneo la mitikisiko kama 3,000 kwa sekunde, ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko kawaida na vyombo havina nguvu nyingi. Ndiyo maana sauti yake husafiri. Utamu wake ni utamu wa lazima.

Mwimbaji wa roki ameondolewa mzigo huo. Kipaza sauti kiko mbele ya midomo yake. Angeweza kunong'ona na uwanja mzima ukamsikia. Kwa hiyo anapopiga ukelele, hapigi ili asikike. Anapiga kwa sababu ukelele una maana yake, kama vile kilio cha msibani kina maana yake, na hakuna anayemwambia mfiwa kwamba amelia nje ya noti. Ninaona kwamba tukilielewa hili tumekwisha fika nusu ya njia.

Ukelele huo haukuanzia katika roki. Little Richard, aliyezaliwa Macon katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1932, aliuchukua kanisani. Yeye mwenyewe alikiri kwamba ile sauti yake maarufu ya kuruka juu ghafla, "huuu!", alijifunza kwa Marion Williams, mwanamke mwimbaji wa nyimbo za Injili. Kabla ya kuvuma, Little Richard alikuwa akiosha vyombo katika kituo cha mabasi cha mji wake. Septemba 1955 alikwenda New Orleans akarekodi "Tutti Frutti", na vijana wa upande wa pili wa bahari, akiwamo Paul McCartney wa kundi lile lile la Lennon, wakakaa kuuiga ukelele huo vyumbani mwao. Kabla yake alikuwapo Big Mama Thornton, mwanamke wa Alabama, aliyerekodi "Hound Dog" mwaka 1952 kwa sauti ya mtu anayefukuza mwizi mlangoni. Elvis Presley aliuimba baadaye, mwaka 1956, na fedha zikaenda kwingine. Tina Turner, aliyezaliwa mwaka 1939 Brownsville, Tennessee, alikulia Nutbush katika mashamba ya pamba. Hawa hawakufundishwa kupaza sauti na mwalimu wa chuo. Walipaza kwa sababu walikotoka mtu asiyepaza sauti hasikilizwi.

Lakini mkwaruzo peke yake haumfanyi mtu mwimbaji. Mpiga debe wa kituo cha basi naye anakwaruza kuanzia alfajiri hadi usiku, wala sijaona mtu aliyemnunulia tikiti.

KIMYA KABLA YA UKELELE

Kinachoongezeka ni akili ya kujua wakati. Chukua mfano wa Roger Daltrey wa kundi la The Who. Kabla ya muziki alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, akifua mabati. Mwaka 1971 kundi lake lilitoa wimbo uitwao "Won't Get Fooled Again", wenye urefu wa dakika 8 na nusu. Ukikaribia mwisho, gita hunyamaza, dramu hunyamaza, mwimbaji naye hunyamaza. Kinabaki kinanda cha umeme peke yake, kikizunguka na kuzunguka hadi msikilizaji anadhani wimbo umekwisha. Ndipo dramu zinaporudi, na Daltrey anapiga ukelele mmoja mrefu ambao wengi huuhesabu kuwa mkubwa kuliko wote katika muziki huu.

Nimeusikiliza ukelele huo mara nyingi wakati wa kuandika makala haya. Ukiukata ukausikiliza peke yake, ni ukelele tu. Nguvu yake yote imo katika ile dakika nzima na zaidi ambayo mtu huyo alikaa kimya. Mwimbaji mdogo angejaza nafasi ile kwa vikelele vidogo vidogo, na akifika mahali penyewe angekuwa hana kitu mkononi.

Joe Cocker naye alikuwa fundi wa mabomba ya gesi mjini Sheffield. Mwaka 1968 aliuchukua wimbo mchangamfu wa Beatles, "With a Little Help from My Friends", ambao Ringo Starr alikuwa ameuimba kama mtu anayepiga soga na jirani, akaupunguza mwendo na kuuimba kama mtu anayezama majini. Maneno ni yale yale. Watu waliomwona Woodstock, Agosti 1969, akipinda mikono na viungo vyake, walidhani anaumwa. Sauti yake haikuwa na eneo kubwa, na chini ilikuwa nzito kama changarawe ndani ya debe. Lakini ilikuwa ikichelewa kidogo nyuma ya ngoma, kana kwamba kila neno lilikuwa gumu kutoka, na msikilizaji akajikuta analisubiri.

Mfano wa Bob Dylan unatupeleka mbali zaidi. Sauti yake hupitia puani, na noti zake za juu si nyingi. Angeshindwa mashindano ya kwaya yoyote ya tarafa. Lakini hakuna anayemwimbia nyimbo zake akazitamka kwa namna ambayo neno moja linaweza kuuma na la pili likacheka, na mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Sifa ya kutambulikana ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mpigie mpenzi wa muziki sekunde mbili tu za Dylan, au Cocker, au Tina Turner, atakutajia jina. Sauti safi mno hufanana, kama kuta zilizopakwa chokaa siku moja.

BEI YAKE

Tufike sasa kwenye jambo ambalo wazazi wanapaswa kulisikiliza kwa makini. Janis Joplin alizaliwa mwaka 1943 Port Arthur, Texas, mji wa viwanda vya kusafisha mafuta. Alijifunza kwa kusikiliza santuri za Bessie Smith, malkia wa nyimbo za bluzi aliyefariki mwaka 1937. Juni 1967, katika tamasha la Monterey, California, alisimama na bendi yake akaimba kwa namna ambayo wengi hawakupata kuisikia kwa mwanamke wa Kizungu: akinong'ona, akiguna, akiupasua wimbo katikati kisha akiushona tena. Mahali pengine noti mbili husikika zikitoka kooni mwake kwa wakati mmoja. Watu walisema kwamba sauti ile imetengenezwa na wiski. Ni uongo wenye hatari, na umewapoteza vijana wengi. Pombe na moshi hulikausha na kulichubua koo, na wala havifundishi mtu kuimba. Alichokuwa nacho Joplin kilitokana na kusikiliza na kukariri kwa miaka mingi.

Mwaka 1970 Joplin alichangia fedha za kulipia jiwe la kaburi la Bessie Smith, kwa kuwa mwalimu wake huyo ambaye hakuwahi kuonana naye alikuwa amelala kwa miaka 33 bila ya alama juu yake. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo Joplin mwenyewe alifariki kwa madawa ya kulevya. Alikuwa na umri wa miaka 27. Santuri yake iliyo bora kuliko zote ilitoka Januari 1971.

Hata aliyeepukana na hayo hulipa kwa koo lenyewe. Nyuzi za sauti zikigonganishwa kwa nguvu kila siku huota sugu, kama kiganja cha mkulima kinavyoota sugu kwa mpini wa jembe. Zikiota sugu hazifungani vizuri; pumzi huvuja, na sauti hukauka. Waalimu, wanadi na wahubiri wanaujua ugonjwa huu bila ya kuwa wamepata kushika gita. Mtoto wako akipenda kuimba kwa kukwaruza, mwache aimbe, lakini asiimbe huku koo likimuuma. Na mtu yeyote, mkubwa au mdogo, ambaye sauti imempwelea kwa zaidi ya wiki tatu, aende hospitali akatazamwe. Steven Tyler wa kundi la Aerosmith aliumia zoloto jukwaani Septemba 2023, na Agosti 2024 kundi lake likatangaza kwamba halitafanya ziara tena. Alikuwa ameimba kwa zaidi ya miaka 50.

MTOTO WA MJI MKONGWE

Nimemweka mwisho yule anayetuhusu kwa kuzaliwa. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, katika familia ya Kiparsi. Baba yake alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano huko. Mwaka 1964 familia ilihamia Uingereza, na mwaka 1970 kijana huyo akaanzisha na wenzake kundi la Queen, akajiita Freddie Mercury. Alikuwa na meno manne ya ziada nyuma, yaliyoyasukuma ya mbele yakatokeza. Alipopata utajiri wa kutosha kung'oa hata meno ya mtaa mzima alikataa kuyagusa, kwa kuogopa kwamba sauti itabadilika.

Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walichapisha uchunguzi juu ya sauti yake, wakitumia kanda za nyimbo na mahojiano. Walipopima jinsi alivyokuwa akizungumza waliona kwamba nyuzi zake zilitikisika kiasi cha mara 117 kwa sekunde, dalili kwamba kwa maumbile sauti yake ilikuwa ya kati, baina ya ile ambayo wanakwaya huiita ya tatu na ile ya nne. Noti zile za juu zilizomfanya maarufu hazikuwa nyumbani kwake, alizipandia. Habari iliyoenea kwamba sauti yake ilikuwa na oktavo nne hawakuweza kuithibitisha. Waliona pia kwamba mtetemo wa sauti yake, wakati anaposhikilia noti ndefu, ulikuwa wa haraka kuliko wa waimbaji wengi, mara 7 hivi kwa sekunde, tena si wa kulingana. Na katika mngurumo wake walipata dalili za zile nyuzi za uongo tulizozitaja.

Nawe utashangaa kusikia kwamba mtu huyu alikuwa mwangalifu sana. Sugu zilimsumbua tangu miaka ya 1970. Jukwaani mara nyingi alizishusha noti ambazo katika santuri alikuwa amezipandisha, akamwachia mpiga dramu wake, Roger Taylor, zile za juu kabisa. Tarehe 13 Julai, 1985, katika uwanja wa Wembley mbele ya watu kama 72,000, alipewa dakika 20 tu. Katikati aliacha kuimba nyimbo, akawarushia watu noti tupu, nao wakamrudishia, kama fundi anayepima kamba kabla ya kuning'iniza mzigo. Yeye peke yake na kipaza sauti.

Mwaka 1991 ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umemdhoofisha sana, kusimama kukawa kazi. Alikwenda katika studio ya Montreux, Uswisi, akawaomba wenzake wamwandikie chochote, naye atakiimba, nao watakimalizia baadaye. Mmoja wa nyimbo hizo ni "Mother Love". Mpiga gita wake, Brian May, amesimulia kwamba walipofika katikati Freddie alisema hapo wimbo unataka kupanda zaidi. Akanywa vodka kidogo, akasimama, akapanda. Kisha akasema amechoka, atarudi kuimalizia beti ya mwisho.

Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo. Santuri yenye wimbo huo ilitoka mwaka 1995, na beti ya mwisho anaiimba Brian May.